Salamu Zingoje Ngoma Iishe

Mpanda hatuna jumba la maonyesho. Tuna viwanja vya shule, kumbi za harusi, na eneo lolote ambalo mwenyewe atakubali likanyagwe na watu mia tano. Kikundi cha maigizo kinapokuja, chumba cha kuvalia huwa darasa lisilo na vioo madirishani, au khanga tatu zilizotundikwa kwenye kamba kati ya mwembe na nguzo ya umeme. Ng'ambo ya khanga hizo yuko binti anayejipaka masizi usoni ili awe bibi kizee, na kijana anayerudia maneno yake kimoyomoyo. Upande huu tuko sisi watazamaji, na kati yetu hakosekani mtu anayetaka kwanza apite akawasalimie.

Kwa misimu minne kazi yangu imekuwa kusimama mbele ya khanga hizo. Siigizi, siimbi. Nazuia watu. Ni kazi ya ajabu katika nchi yetu, maana ninachozuia hasa ni salamu, na kwetu kumpita mtu bila kumsalimia ni tusi. Tena salamu yetu haina sentensi moja. Mzee akisema "hujambo binti", binti atasema shikamoo. Ataulizwa habari za nyumbani, za masomo, za mama. Ataulizwa yeye ni mtoto wa nani. Ikifika hapo, yule bibi kizee aliyekuwa ameanza kuingia mwilini mwake ameshatoka, amebaki binti wa mtu wa Makanyagio mwenye masizi usoni.

Nikaanza kujiuliza kama kanuni ninayoilinda ni yetu au tumeiazima mahali. Wapo wanaoniambia ni mambo ya kizungu, kwamba Mwafrika na msanii wake hawatenganishwi na pazia. Hoja hiyo inavutia, lakini ukitoka mjini ukashuka Mpimbwe, hadi Usevya na Majimoto, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, utaona mambo ni tofauti.

Huko Wasukuma ni wengi. Walianza kuhamia kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, wakitafuta malisho na mashamba, wakaikuta ardhi ya Wapimbwe na kuishi nao. Walikuja na ng'ombe, na walikuja na mbina, yaani ngoma za mashindano. Wachezaji wa mbina wamegawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Simulizi zao zinawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindania ubingwa wa dawa na uchezaji, na wafuasi wao wakaendeleza ushindani huo mpaka leo. Kule Bujora, karibu na Mwanza, ambako padri Mkanada David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, pande hizi hukutana kila Juni katika sikukuu ya Bulabo.

Namna ya kushindana ni rahisi kueleza na ngumu kuishinda. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kwenda na kurudi. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kuna wanaocheza na chatu, wanaorusha majembe hewani na kuyadaka, wanaochekesha mpaka watu washike mbavu. Manju, yule mtunzi na kiongozi wa nyimbo, anaweza kupoteza msimu mzima ndani ya nusu saa, akiona migongo ya watu waliokuwa wake ikielekea kwa mpinzani.

Kwa sababu hiyo, kila upande una dawa za kuvuta watu na dawa za kujikinga. Ukimsogelea manju asubuhi ya mashindano, wenzake hawatajiuliza wewe ni nani. Watajiuliza umetumwa na nani. Mkono unaonyooshwa, kikombe cha maji, hata sifa tamu kupita kiasi, vyote vinaweza kuwa vimebeba kitu. Katika mbina nilizohudhuria Mpimbwe, nimeona kundi likikaa peke yake chini ya mti tangu asubuhi, na watu wazima waliokuwa wakisalimiana na kila mpita njia wakiuzunguka mti ule kwa mbali bila kutamka neno. Hakuna aliyeona amedharauliwa.

Huhitaji kuamini dawa ili kuona kanuni hiyo ilikuwa ikifanya kazi gani. Ilimpa manju saa kadhaa zisizo na mwenyewe ila yeye. Na iliambatana na kanuni ya pili, ambayo watu wa pwani wanaijua pia kwa jina la kutunza: ukimpenda msanii, unamfuata katikati ya ngoma, mbele ya macho ya wote, unampa noti au unamvika khanga, kisha unarudi mahali pako. Zawadi hutolewa hadharani. Kila mtu anaona nani ametoa, kiasi gani, na kwamba baada ya kutoa ameondoka. Sifikiri ni bahati tu kwamba kanuni hizi mbili zimeishi pamoja. Ya kwanza inaufunga mlango wa siri, ya pili inaufungua ule wa wazi.

Majirani zetu wa Katumba na Mishamo wana mizizi penye jibu jingine. Wengi wao ni uzao wa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Katika desturi ya ngoma za kifalme za Burundi, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014, wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamejitwika ngoma vichwani huku wakizipiga. Hakuna dakika ya kumkuta mpigaji amesimama tu. Unapomwona kwa mara ya kwanza, onyesho limeshaanza, na huwezi kumpa mkono mtu aliyejitwika gogo.

Hata mbali na kwetu wapo waliofikiria jambo hili kwa makini. Katika tamthilia ya Noh ya Japani kuna chumba kidogo nyuma ya pazia la kuingilia, kiitwacho chumba cha kioo. Mwigizaji mkuu huketi humo, huvalishwa kinyago, hujitazama kiooni mpaka amuone yule anayekwenda kuwa, ndipo pazia linainuliwa. Darasa letu la mkopo lina kipande cha kioo kilichoegemezwa ubaoni. Kazi inayofanyika mbele yake ni ileile.

Lakini historia inayonigusa zaidi ni ya London, kwa kuwa inaonyesha kinachotokea mlango usipokuwa na mlinzi. Wanawake walianza kuigiza hadharani katika majumba ya maonyesho ya Uingereza mwaka 1660. Mara moja wanaume wenye vyeo wakaanza kuingia vyumba vya kuvalia. Mmoja wao, Samuel Pepys, afisa wa jeshi la majini, aliandika katika shajara yake kwamba tarehe 5 Oktoba 1667 alipandishwa hadi vyumba hivyo kabla ya mchezo. Alimkuta mwigizaji maarufu Nell Gwyn akiwa hajamaliza kuvaa, akala matunda pamoja na waigizaji, kisha akashika karatasi na kumsaidia mwigizaji mwingine, Knepp, kurudia maneno ya mchezo wa siku ile.

Nikisoma habari hiyo nashindwa kumchukia Pepys. Alisaidia kazi. Ni shabiki ambaye kikundi chochote kingemtaka. Ila shajara hiyohiyo inaonyesha kwamba alikuwa na mazoea ya kupapasa wanawake, akiwemo Knepp. Msaada na mkono usiotakiwa viliingia kwa mlango mmoja. Katika miaka hiyo ya 1660 mfalme Charles II alitoa amri ya kuzuia watu kuingia vyumba vya kuvalia, lakini amri haikufua dafu kwa wenye vyeo. Ilichukua karibu miaka mia moja kabla David Garrick, mwaka 1762, hajawaondoa watazamaji matajiri waliokuwa wakikaa juu ya jukwaa lenyewe katika jumba la Drury Lane. Aliwajengea viti zaidi ukumbini ili asipoteze pesa zao.

Sisi tuna sura yetu ya habari hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma na majeshi yalianzisha vikundi vya sanaa: JKT, Magereza, DDC Kibisa na vingine. Miaka ya 1980 vikaja vikundi binafsi kama Muungano, na mwaka 1992 ikaanzishwa Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba. Onyesho moja la usiku lilikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu, na mara nyingi msanii mmoja alionekana katika vipengele viwili au vitatu. Kwake "kabla ya onyesho" ilikuja mara tatu usiku mmoja. Na kumbi nyingi zilikuwa za baa, ambako nyuma ya jukwaa ni hatua chache kutoka kwenye meza za wanywaji. Wasanii wa kike wa vikundi hivyo waliitwa wahuni na watu waliolipa kiingilio kuwatazama. Ukishamwita mtu hivyo, unaona una haki ya kumfuata anapovaa.

Pamoja na hayo tulirithi desturi ya mgeni rasmi. Kwa miongo mingi wachezaji wa ngoma wamepangwa viwanja vya ndege na kandokando ya barabara, juani, wakisubiri msafara uliochelewa. Mgeni rasmi amezoea kwamba wasanii wako pale kwa ajili yake. Kwa nini basi asipite kuwasalimia?

Jioni moja, katika shule ambayo sitaitaja, alikuja mgeni wa aina hiyo na watu sita. Mmoja wa watu wake aliniambia mheshimiwa angependa kuwasalimia vijana. Nilimwambia mabinti wanavaa. Akasema mheshimiwa ni mzazi. Neno hilo linapenya kila mlango Tanzania: ukimkatalia mzazi, wewe ndiye huna malezi. Wakaingia. Ndani mabinti wanne walijifunika kwa chochote kilichokuwa karibu, wakapiga magoti kidogo, wakasema shikamoo. Zikapigwa picha. Hakuna aliyeguswa, hakuna neno baya lililotamkwa, na mgeni aliacha elfu hamsini juu ya dawati. Onyesho likaanza dakika arobaini baadaye. Binti aliyecheza bibi kizee, ambaye katika mazoezi alitutoa machozi, alisema maneno yake yote bila kukosea na hakuwa bibi kizee hata kidogo.

Tangu siku ile ndipo nilipoelewa kwamba khanga ninazozilinda zina uzito kuliko adabu ya ukumbini. Swali ni nani mwenye muda na mwili wa msanii katika saa ile kabla hajatoka. Manju chini ya mti wake wa Mpimbwe anajua jibu, kwa sababu jamii nzima inaogopa kumkaribia. Binti wa darasani hana dawa. Ana mimi na kamba.

Simu zimeongeza kazi. Zamani shabiki hakumjua msanii mpaka atoke. Kisha zikaja runinga na filamu. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyepitia Kaole Sanaa Group, alipofariki Aprili 2012, maelfu walimiminika kumzika Kinondoni, wengi wao hawakuwahi kukutana naye na walilia kama ndugu. Mapenzi ya namna hiyo ni mali, na siyabezi. Lakini yanamfanya shabiki aamini kwamba tayari wanafahamiana, kwamba selfi ya haraka kabla ya kuanza ni haki ya ndugu.

Kwa hiyo kama utakuja kwenye onyesho kiangazi hiki, Mpanda au kwenu, naomba machache. Ukimkuta mwigizaji njiani bado na nguo zake za kawaida, msalimie kama mtu yeyote, kwa ufupi, uendelee. Ukimkuta ameshajipaka, ameinamisha kichwa au midomo inacheza bila sauti, mpungie mkono kwa mbali. Hatakuona umekosa malezi. Zawadi usiipeleke nyuma ya pazia. Mtunze uwanjani, au mpe kiongozi wa kikundi mbele za watu. Picha iombe baada ya kazi, na akisema amechoka, amechoka. Na kama wewe ni mkubwa, kumbuka kwamba yeye hawezi kukukatalia, hivyo jikatalie mwenyewe.

Nimegundua jambo moja katika misimu hii minne. Wanaosukuma kuingia kabla ya onyesho ni wengi, wanaobaki baada yake wanahesabika kwa vidole. Giza likianza watu huwahi bodaboda. Wasanii hubaki wakikunja khanga, wakifuta masizi kwa maji ya ndoo, wakiulizana kama kuna chakula. Hapo wana muda wote. Shikamoo zote zilizozuiliwa mchana zinaweza kutolewa na kuitikiwa, na habari za nyumbani zikaulizwa mpaka ziishe. Nasi tuliokuwa tukilinda mlango tunakuwa tumeshaketi.