Tusiuogope 'upepo wa jua'

WAPO wafasiri wa habari za sayansi wanaoandika 'miale ya jua' pale ambapo wanasayansi wanasema upepo. Nadhani wanaogopa kuchekwa: upepo gani huo, ati, na huko angani hakuna hewa? Mimi nalitetea neno hili, na hoja yangu ni historia yake.

Mnamo 1951, Mjerumani Ludwig Biermann alihoji kwamba mikia ya nyota-mkia husukumwa na kitu zaidi ya mwanga. Mwaka wa 1958 Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago akapiga hesabu: tabaka la nje la jua, lenye joto la zaidi ya digrii milioni moja, haliwezi kutulia. Ni sharti livume daima. Akaliita upepo. Wasomi wawili walioombwa kuikagua makala yake waliikataa. Mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakuliamini wazo hilo, ila hakuona kosa katika hesabu, basi akaichapisha. (Mhariri wa aina hiyo hutafutwa kwa tochi.) Mwaka wa 1962 chombo Mariner 2, kikielekea Zuhura, kiliupima: kilomita mia kadhaa kwa kila sekunde.

Hapo ndipo 'miale' inapokwama. Mwale hunyooka, na hutufikia kwa dakika 8. Upepo wa jua huchukua siku kadhaa, tena hukokota sumaku ya jua. Na kwa kuwa jua lenyewe linazunguka, mistari ya sumaku hujipinda kama maji ya mpira unaozungushwa bustanini. Chembe zenye nishati kubwa, zinazofyatuka jua linapolipuka, hufuata mipindo hiyo. Ndiyo maana mlipuko wa upande wa magharibi wa jua mara nyingi hutuletea chembe upesi kuliko ule wa mashariki.

Nasi tumo katika kisa hiki. Ukitaja San Marco, ile mitambo ya Waitaliano baharini karibu na Malindi, watu hukumbuka setilaiti Uhuru ya Desemba 12, 1970. Wachache huitaja Explorer 45, iliyorushwa papo hapo Novemba 15, 1971, kuchunguza chembe zinazonaswa na sumaku ya dunia na dhoruba ambazo upepo wa jua huziamsha. Ilipaa juu ya maji yaleyale ambako manahodha walisafiri kwa kusi na kaskazi.

Kinachonitia wasiwasi ni wingi wake tu. Upepo mmoja, pepo nyingi. Gazeti likiandika 'pepo za jua', wapo watakaoita mganga.