Spika Ikisukumwa, Umeme Hutoka

Mji wa Richfield, Minnesota, umepakana na Minneapolis upande wa kusini, na uwanja mkubwa wa ndege uko jirani yake. Tangu 2003 ndipo yalipo makao makuu ya Best Buy. Wengi huijua kampuni hiyo kwa televisheni na kompyuta, lakini chimbuko lake ni spika. Mwaka 1966 Richard Schulze na mwenzake walifungua duka la vyombo vya sauti jijini Saint Paul, wakaliita Sound of Music.

Ndani ya spika mna sumaku, koili ya waya mwembamba na koni ya karatasi. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku huisukuma na kuivuta, koni ikatikisa hewa, muziki ukasikika. Muundo huo uliwekwa sawa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925.

Kazi hiyo huenda pia kinyumenyume. Bonyeza koni kwa kidole na umeme utatoka kwenye nyaya, kwa kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, inayozalisha umeme wa maji huko Kidatu, Tanzania, hadi leo. Ni umeme mdogo mno, hauwezi kuchaji simu, ila ni umeme wa kweli. Mafundi wanaosafirisha spika kubwa za besi huunganisha ncha mbili za kila spika kwa kipande cha waya. Hapo koni huwa nzito kusukumwa, maana umeme inaouzalisha yenyewe unaizuia isirukeruke njiani.

Simu za Alexander Graham Bell za mwaka 1877 zilitegemea uwezo huo wa kufanya kazi pande zote mbili: chombo kimoja cha kusemea na kusikilizia, bila betri. Manowari za Marekani katika Vita Kuu ya Pili zilikuwa na simu zilizoendeshwa na sauti ya msemaji tu. Na mwaka 1966, uleule wa kufunguliwa Sound of Music, jijini London, fundi sauti Geoff Emerick aliweka spika mbele ya spika ya gitaa la besi la mwanamuziki Paul McCartney, akaitumia kama maikrofoni katika wimbo "Paperback Writer". Besi ya wimbo ule bado inatingisha kifua.

Turudi Minnesota: tarehe 14 Juni 1981 kimbunga kiliezua paa la duka la Sound of Music lililokuwa Roseville. Bidhaa za stoo zilisalimika, zikauzwa kwa bei ya chini kwenye maegesho ya magari, na siku nne zikaingiza fedha nyingi kuliko mwezi wa kawaida. Mwaka 1983 jina likabadilishwa kuwa Best Buy, na spika zikawa bidhaa moja kati ya nyingi.

Mwenye spika kuukuu za besi asizitupe. Aunganishe mbili kwa nyaya, bila redio wala betri, kisha aisukume koni ya moja kwa nguvu kidogo huku mkono wa pili ukigusa ya nyingine. Atasikia ikitikisika.