Ganzi Kabla ya Maumivu: Historia ya Antioksidanti na Lugha ya Mgonjwa Gisenyi

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1967, na vinkristini, dawa itokanayo na mmea wa Madagaska, ikawa miongoni mwa dawa zilizotumiwa huko dhidi ya limfoma ya Burkitt. Nchini Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012, kiliisogeza tiba ya kemikali karibu na wakazi wa kaskazini na magharibi, wakiwemo wa Gisenyi.

Tiba hiyo ilikuja na madhara yake. Vinkristini, sisplatini na paklitakseli huweza kujeruhi neva za mikono na miguu. Kwa kuwa sehemu ya jeraha hilo huhusishwa na molekuli haribifu za oksijeni, watafiti walitarajia kwamba antioksidanti zingezikinga neva. Utafiti mdogo wa Italia wa mwaka 2003 ulionesha kuwa vitamini E iliwafaa wagonjwa waliopewa sisplatini. Jaribio kubwa zaidi la Marekani, lililochapishwa mwaka 2011, halikuthibitisha manufaa hayo. Mwaka 2013 tumaini liligeuka tahadhari: katika jaribio la wanawake 409 wenye saratani ya matiti, waliotumia asetili-L-kanitini, kirutubisho kilichotarajiwa kulinda neva, walidhurika zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwongozo wa kitaalamu uliotolewa Marekani mwaka 2014 haukupendekeza kinga yoyote. Kwa maumivu yaliyokwisha kutokea ulipendekeza duloksetini, ambayo haitolewi kama antioksidanti.

Madhara hayo yalifichuliwa na majibu ya wagonjwa wenyewe katika dodoso. Kwa hiyo lugha ni sehemu ya kipimo. Gisenyi, mji unaopakana na Goma, hutumia Kiswahili sokoni sambamba na Kinyarwanda, na mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha hiyo hutofautisha ganzi, mchonyoto na maumivu. Mgonjwa aliyekufa ganzi vidoleni, akiulizwa tu kama ana maumivu, atajibu kwa haki kwamba hana. Daktari naye atakosa fursa ya kupunguza au kuahirisha dozi kabla jeraha halijakomaa.

Dodoso la Kiswahili linapaswa kuuliza hali hizo tatu moja moja, kisha kuuliza virutubisho anavyotumia mgonjwa. Sifa ya vitamini ya kujenga mwili haithibitishi kwamba inalinda neva.