Somo la Redio: Sanduku la Umeme Lisilo na Feni

Leo tunazungumza na darasa la Sapiwi, wilayani Bariadi, nchi ya pamba. Reli haifiki kwenu. Katika Mkoa wa Simiyu hupita Malampaka, wilayani Maswa, kwenye njia ya Tabora mpaka Mwanza iliyokamilika mwaka 1928.

Sasa sikilizeni habari ya taa nyekundu. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipitisha umeme mdogo katika vyuma viwili vya reli. Umeme huo ukifika mwisho wa kipande cha njia, hushikilia ishara ya usalama. Garimoshi likiingia, magurudumu na ekseli zake huunganisha vyuma viwili, umeme haufiki tena, na ishara huwa nyekundu. Betri ikifa, vilevile huwa nyekundu. Huo ndio uzuri wake. Lakini garimoshi husimama bure, na wakubwa wanapoanza kulipitisha kwa maneno ya mdomo, hapo ndipo makosa ya binadamu hupata mlango.

Kwa hiyo umeme usikatike. Zamani ulitoka katika mitungi ya kioo yenye shaba, zinki na maji ya dawa, na watu walitembea kando ya reli kuitunza. Katika miaka ya 1920 Lars Grondahl, wa kampuni ya ishara za reli ya Union Switch and Signal huko Marekani, alitengeneza kigeuzi cha visahani vya shaba vilivyochomwa upande mmoja vikafanya kutu. Visahani hivyo hupitisha umeme upande mmoja tu, na hivyo huweza kuchaji betri. Ila hupata joto, na joto likizidi huharibika. Basi vikafungwa pamoja na mabati mapana, yaliyoachana ili hewa ipite.

Hapa hamhitaji mwalimu. Moshi wa jiko lenu waenda wapi? Hewa yenye moto ni nyepesi, hupanda. Ya baridi huingia chini kuchukua nafasi yake. Hakuna anayeisukuma.

Mtu atauliza: kwa nini wasitie feni? Feni huzunguka, na kinachozunguka huchakaa. Tena huvuta vumbi. Aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba anajua nyuzi zinavyoziba kila tundu. Sanduku likiwa porini, nani ataisafisha?

Vifaa vya siku hizi ni vya silikoni, si vya shaba, lakini mapezi ya alumini yangali yaleyale. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 50155 hutaka kifaa cha garimoshi chenye betri ya volti 110 kivumilie kuanzia 77 hadi 137.5. Fundi asiyeacha nafasi juu na chini ya sanduku huliua mwenyewe.

Kabla ya kipindi kijacho, washeni kibatari. Shikeni unyuzi wa pamba juu yake, mbali na moto, mtazame unaelekea wapi.