Nani Kaulizwa: Historia ya Kupima Nguvu ya Vyama kwa Tafiti za Maoni

Utafiti wa maoni ya wapiga kura, yaani zoezi la kuwauliza watu wachache watamchagua nani ili kukadiria nguvu ya kila chama miongoni mwa mamilioni, umejengwa juu ya dai ambalo mtu wa kawaida halikubali kirahisi: kwamba watu 1,500 waliopatikana kwa utaratibu mzuri wanaweza kulisemea taifa kwa usahihi kuliko watu milioni mbili waliojitokeza wenyewe. Dai hilo ni la kweli, na limethibitishwa mara nyingi, lakini lina masharti mawili, la kwanza likihusu namna wahojiwa wanavyopatikana na la pili likihusu uhuru walio nao wa kujibu. Sharti la kwanza lilishughulikiwa na wataalamu wa takwimu wa Ulaya na Marekani katika karne ya 20, na kwa sehemu kubwa likapatiwa ufumbuzi; la pili, ambalo vitabu vya takwimu hulipitia harakaharaka, ndilo lililotawala historia ya tafiti hizi katika Afrika Mashariki.

Mfano wa kale unaotajwa mara nyingi ni wa Julai 1824, pale gazeti la Harrisburg Pennsylvanian lilipochapisha hesabu iliyokusanywa Wilmington, jimboni Delaware, ambako Andrew Jackson alipata wafuasi 335 dhidi ya 169 wa John Quincy Adams. Hesabu za namna hiyo, zilizokusanywa popote watu walipokutana na bila kujali ni watu gani, zikawa burudani ya kawaida ya magazeti ya Marekani kwa karne nzima. Jarida la Literary Digest ndilo lililozikuza hadi zikawa taasisi. Tangu 1916 jarida hilo lilikuwa likituma kwa posta kadi za kura za majaribio, na katika chaguzi tano za urais zilizofuatana, kuanzia mwaka huo hadi 1932, lilimtaja mshindi bila kukosea, jambo lililowafanya wahariri wake waamini kwamba wingi wa kadi ndio uliokuwa siri ya mafanikio yao.

Mwaka 1936 Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2.2. Kadi 1,293,669 zilimpa kura Alf Landon wa chama cha Republican na 972,897 zikampa Rais Franklin Roosevelt wa Democratic. Jarida likatangaza kwamba Landon angeshinda kwa takriban asilimia 57 ya kura za wagombea hao wawili. Siku ya uchaguzi Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura zote, na Landon akaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Miaka miwili baadaye Digest halikuwapo tena sokoni.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba anwani za kupelekea kadi zilitolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na kwa kuwa nchi ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, orodha hizo zilijaa watu wenye nafasi ambao hawakuipenda serikali ya Roosevelt. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1988, ukitumia mahojiano yaliyofanywa mwaka 1937, ulionyesha kwamba hata miongoni mwa waliotumiwa kadi wafuasi wa Roosevelt walikuwa wengi. Tatizo ni kwamba waliojisumbua kuzijaza na kuzirudisha walikuwa zaidi wale waliokuwa na hasira na serikali. Wataalamu huiita kasoro hii upendeleo wa kutojibu, maana yake ni kwamba wanaonyamaza hutofautiana na wanaosema, na kuongeza idadi ya wanaosema hakurekebishi chochote.

Mtu aliyevuna umaarufu kutokana na anguko hilo ni George Gallup, mzaliwa wa Iowa, aliyeanzisha mwaka 1935 taasisi yake ya maoni ya umma huko Princeton, New Jersey. Akiwa na sampuli ndogo mno kulinganisha na ya Digest, Gallup alitabiri ushindi wa Roosevelt, na miezi kadhaa kabla ya uchaguzi alikuwa ameshatangaza kwamba jarida hilo lingekosea na kwa kiasi gani. Tena aliyahakikishia magazeti yaliyonunua safu yake kwamba yangerudishiwa fedha endapo Digest lingekuwa sahihi kuliko yeye. Aliyekuwa akihoji uwezo wa watu wachache kuwasemea wengi alijibiwa na Gallup kwa mfano wa mpishi, ambaye hahitaji kumaliza sufuria ya supu ili kujua kama chumvi imekolea, mradi ameikoroga vizuri kabla ya kuonja.

Ugumu wote umo katika kukoroga. Gallup mwenyewe kwa miaka mingi alitumia sampuli ya mgao, utaratibu ambao mhojaji hupewa idadi ya wanaume, wanawake, vijana, wazee, matajiri na maskini anaotakiwa kuwahoji, kisha akaachiwa kuchagua mwenyewe nani hasa wa kumfuata. Mwaka 1934 mtakwimu Jerzy Neyman, raia wa Poland, alikwisha kuonyesha udhaifu wa kuacha uteuzi mikononi mwa binadamu na kutetea sampuli nasibu, ambamo kila mtu ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Hata hivyo, biashara haikumsikiliza mapema, kwa kuwa sampuli nasibu ni ghali na ya taabu. Malipo yalikuja mwaka 1948, pale Gallup na wenzake walipotabiri ushindi wa Thomas Dewey, Harry Truman akashinda, na gazeti la Chicago Daily Tribune likabaki na kichwa cha habari cha ushindi ambao haukutokea. Wahojaji walikuwa wamewakimbilia wahojiwa waliofikika kwa urahisi, na mahojiano yalikuwa yamesimamishwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kupiga kura.

Baada ya hapo sampuli nasibu ilishika nafasi yake, na pamoja nayo likaja wazo la kiwango cha makosa, yaani upeo ambao jibu la sampuli linaweza kupishana na jibu la taifa zima kwa sababu ya bahati tu. Kwa wahojiwa 1,000 upeo huo ni takriban pointi tatu za asilimia juu au chini, na kwa wahojiwa 2,000 ni pointi mbili na kidogo, iwe nchi inayopimwa ina watu milioni moja au milioni mia. Kiwango hicho hupima bahati peke yake: hakisemi lolote kuhusu wahojiwa waliokataa kujibu au waliojibu uongo. Uingereza ilijifunza hivyo mwaka 1992 na tena mwaka 2015, pale kampuni zote kubwa zilipokiona chama cha Conservative kuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa, na zikakosea kwa pamoja kuelekea upande mmoja.

Tanzania iliingia katika historia hii kwa mlango usio wa kawaida. Mwaka 1991, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuruhusu hadharani mjadala wa kuachana na chama kimoja, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Tume ilizunguka nchi nzima na kupokea maoni ya watu zaidi ya 36,000, takriban asilimia 80 wakitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka pia kifanyiwe marekebisho. Kwa kipimo cha takwimu zoezi hilo lilikuwa na kasoro ileile ya Digest, kwani waliosikika ni waliofika mikutanoni na waliopenda kusema, na juu yake iliongezeka kasoro nyingine ambayo Digest halikuwa nayo: mtu alitakiwa kusimama mbele ya majirani na viongozi wake, katika nchi ambayo chama kilikuwa kimeshika hatamu hadi kwenye nyumba kumikumi, na kueleza kama angependa chama hicho kipate wapinzani.

Lililo la pekee ni kwamba tume haikuyatii matokeo yake yenyewe. Ilipendekeza vyama vingi, ikisema kwamba haki ya wachache wenye mawazo tofauti haiwezi kufutwa kwa wingi wa walioridhika, na ikaorodhesha sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi. Mfumo wa vyama vingi ulianza rasmi Julai 1992, na katika uchaguzi wa 1995 Benjamin Mkapa wa chama tawala cha CCM alishinda kwa asilimia 61.8, maana yake karibu wapiga kura wanne kati ya kumi waliwapigia wagombea wa upinzani. Kutaka vyama vingi na kupigia kura upinzani ni mambo mawili tofauti, lakini kwa miaka minne tu pengo hilo ni pana kiasi cha kumfanya mtu ajiulize wangapi mwaka 1991 walisema walichodhani kinatarajiwa.

Tafiti za kitaalamu zilifuata, kwanza kupitia REDET, mpango wa utafiti wa demokrasia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kampuni binafsi. Mwaka 2010 REDET ilimpa Jakaya Kikwete takriban asilimia 71 na kampuni ya Synovate ikampa 61. Matokeo rasmi yalimpa karibu 63. Mwaka 2015 asasi ya Twaweza ilitumia mpango wake wa Sauti za Wananchi, ambamo kaya zilizochaguliwa kwa sampuli nasibu ziligawiwa simu na vifaa vya kuchaji kwa jua ili wahojiwa wapigiwe mara kwa mara, njia iliyokwepa kosa la kuwafikia wenye simu peke yao. Utafiti wake wa Septemba ulimpa John Magufuli asilimia 65 na Edward Lowassa 25, ukazua kelele kubwa upande wa UKAWA, muungano wa upinzani uliomsimamisha Lowassa. Mwezi uliofuata Magufuli alipata 58.46 na Lowassa 39.97. Mshindi alitajwa sawasawa, lakini nguvu ya upinzani ilipunjwa kwa pointi 15, kosa ambalo ni kubwa mno kuwa la bahati nasibu tu, hata tukikumbuka kwamba kampeni zilikuwa bado zinaendelea.

Kenya ilipata somo lenye gharama ya damu. Kuelekea uchaguzi wa Desemba 2007, kampuni ya Steadman na washindani wake walichapisha tafiti mfululizo zilizomweka Raila Odinga wa ODM mbele ya Rais Mwai Kibaki wa PNU tangu Septemba, na utafiti wa mwisho wa Steadman ukampa Raila 45 na Kibaki 43, tofauti iliyokuwa ndani ya kiwango cha makosa na ambayo kitaalamu ilimaanisha sare. Wafuasi hawakusoma hivyo. Walisoma jina lililotangulia. Tume ya uchaguzi ilipomtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993, tafiti za miezi minne ziligeuzwa ushahidi wa wizi, na katika machafuko yaliyofuata zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tume ya Kriegler iliyochunguza uchaguzi huo ilihitimisha kwamba ujumlishaji wa kura uliharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Lawama zilizorundikwa kwa watafiti hazikuwa za haki, kwa kuwa utafiti wa maoni ulibebeshwa uzito huo pale tu palipokosekana hesabu rasmi inayoaminika.

Bunge la Kenya lilijibu kwa sheria ya mwaka 2012 ya uchapishaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi, inayomtaka mchapishaji ataje aliyeugharimia utafiti, aliyeufanya, tarehe, idadi ya wahojiwa na kiwango cha makosa, na inayozuia uchapishaji katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Sheria hiyo ni ya busara, lakini haikuondoa makosa: Agosti 2022 utafiti wa kampuni ya Ipsos ulimpa Raila 47 na William Ruto 41, na Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Waliosema hawajaamua au wakakataa kumtaja mgombea walikuwa wengi kuliko tofauti ya wagombea, na ni dhahiri kwamba ukimya wao haukugawanyika sawa.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Julai 2018 Twaweza ilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia na 96 mwaka 2016. Mtafiti makini angeshtushwa zaidi na ile 96, ambayo ni nadra kwa kiongozi yeyote pale watu wanapojibu bila wasiwasi, lakini iliyozua taharuki ni 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliitaka Twaweza ijieleze kwa nini utafiti ulifanyika bila kibali, hati ya kusafiria ya mkurugenzi wake ikazuiwa, na Septemba mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa hivi kwamba kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi kukawa kosa la jinai, kifungu kilicholegezwa Juni 2019 baada ya Benki ya Dunia kueleza wasiwasi wake.

Afrobarometer, mtandao wa watafiti unaofanya kazi barani Afrika tangu 1999, umetafuta namna ya kukipima hata hicho kinachofichwa. Mwishoni mwa mahojiano yake ya ana kwa ana mhojiwa huulizwa anadhani nani amemtuma mhojaji, na ingawa mwanzoni ameshaelezwa kwamba utafiti ni huru, wahojiwa wengi katika nchi nyingi hujibu kwamba ni serikali. Wachambuzi waliowalinganisha hao na wahojiwa wengine wamebaini kwamba wanaoamini wametumiwa mtu wa serikali huwa na sifa zaidi kwa watawala, hasa katika nchi zenye utawala wa mkono wa chuma, na kwamba tofauti hiyo hupungua pale ambapo kumkosoa kiongozi hakumgharimu mtu kitu.