Kitubio cha Watawa wa Ireland

Hapo kale katika Kanisa la magharibi, Mkristo mwenye dhambi nzito alitubu hadharani, tena mara moja tu maishani. Akianguka tena, hakupewa kitubio cha pili. Kwa hiyo wengi waliahirisha toba hata saa ya kufa. Lakini watawa wa Ireland waliungama kwa faragha mara kwa mara, na kila kosa lilipimiwa dawa yake: kufunga kwa mkate na maji, au kuimba zaburi. Mwaka 589 maaskofu waliokutana Toledo, Hispania, walilaani kutubu kila mtu akosapo. Karibu na mwaka 590 mtawa Columbanus aliileta desturi ya Ireland Ufaransa, ikaenea. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano ukaamuru waumini waungame walau kila mwaka. Basi, aliyeanguka asikawie kuinuka.