Kiini cha mabishano

Kiini cha mabishano ni kauli ambayo msemaji mmoja anaikubali na mwenzake anaikataa. Kauli aliyoigusa mmoja tu, mwenzake akanyamaza, sicho.

Tuchukue wavuvi wawili wa Kiegeani, Mafia, kisiwa chenye Hifadhi ya Bahari tangu 1995. Wa kwanza asema: “Juya linavunja matumbawe na kuzoa samaki wachanga, lipigwe marufuku.” Wa pili ajibu: “Ndugu yangu, kulipiga marufuku bila kumpa mtu nyavu nyingine ni kumnyima riziki.” Msikilizaji mwepesi atadhani wanabishania madhara ya juya. La hasha: wa pili hakutaja matumbawe kabisa, wala hakuikataa marufuku yenyewe. Ulizeni kwanza: marufuku ianze kabla ya nyavu mbadala kufika? Mmoja akisema ndiyo na mwingine hapana, hapo ndipo wanapopingana. Vikao vingi vya kijiji huvunjika kwa swali la namna hiyo kutoulizwa, na ni hasara kubwa.

Wanahistoria nao hubishana kama Menouthias, kisiwa kinachotajwa katika Periplus, kitabu cha kale cha Kigiriki cha safari za baharini, ni Mafia, Pemba au Unguja. Hapo kiini ki wazi, kwani anayesema Mafia amekwisha kuikana Pemba.